Mchunga Bata na Jiko la Chuma

Ukipita kwenye vibanda vya video hapa Nyarugusu saa za jioni, utakuta hadithi ile ile kwa sura tofauti. Leo ni tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, kesho ni ya Kifilipino, keshokutwa ni filamu ya Kinigeria ambamo mwana wa mfalme anavaa matambara ili apate mwanamke atakayempenda bila mali. Binti maskini anadharauliwa, anafanyishwa kazi za nyumba, anasingiziwa wizi. Halafu mtu mkubwa anamwona. Mwisho ni harusi. Kila mtu anaujua mwisho kabla haujafika, na bado watu wamekaa kwenye benchi, wamelipa, na hakuna anayeondoka.

Mimi ni mwalimu wa historia, kwa hiyo nikiona kitu hakiishi hamu nauliza kimetoka wapi na nani alikibeba. Wengi wananijibu haraka: "Ile ni mambo ya Bazungu." Wengine wanasema ni bongo tu. (Ndugu zetu Watanzania mtusamehe: kwetu Kongo bongo ni uongo, si Dar es Salaam.) Nimezisoma hadithi hizi kwa Kifaransa tangu nikiwa kwetu, na hapa nimeendelea kufuatilia njia zake. Jibu ninalolipata ni tofauti. Naona kinachotushika humo si mwana wa mfalme. Ni kutambuliwa. Harusi ni nguo ambayo kutambuliwa kumevalishwa.

Neno hilo silielezi kwa msomaji wa hapa. Kambini kuna waliotambuliwa, kuna wanaosubiri, na kuna waliokataliwa. Wote wanajua tofauti yake.

Bibi kizee pangoni

Tuanzie Afrika, kwa sababu maandishi ndiko yanakotupeleka. Katika karne ya 2 aliishi mwandishi aitwaye Apuleius, mzaliwa wa mji wa Madauros, mahali ambapo leo ni Algeria. Aliandika kwa Kilatini kitabu cha mtu aliyegeuzwa punda. Katikati ya kitabu hicho kuna hadithi ya binti aitwaye Psyche, anayeolewa na mume asiyemwona. Mume anakuja gizani, anaondoka kabla ya mapambazuko, na amemkataza mke kumtazama. Binti akawasha taa, akamwona, akampoteza. Ikabidi amtafute kwa kupewa kazi za kuvunja moyo, mojawapo ikiwa kuchambua rundo kubwa la nafaka zilizochanganywa, kila aina ikae peke yake kabla ya usiku. Sisimizi ndio waliomsaidia. Hadithi nyingi za Ulaya za binti na mume mnyama zinafanana sana na hiyo.

Lakini angalia nani anasimulia, na anamsimulia nani. Msimuliaji ni bibi kizee anayewapikia majambazi pangoni. Msikilizaji ni msichana aliyetekwa kwao siku ya harusi yake, wakati anavalishwa. Analia, hajui kama atawaona tena wazazi wala mchumba wake. Yule bibi hana uwezo wa kumtoa. Ana hadithi tu, basi anampa hiyo. Na punda amesimama pembeni anasikiliza, anasikitika kwamba hana kalamu ya kuiandika.

Kwa hiyo zaidi ya miaka 1,800 iliyopita Mwafrika mmoja alishaona mahali pa hadithi za namna hii. Aliiweka kwenye masikio ya mtu aliyeng'olewa nyumbani, asiyejua kesho yake. Mama aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku na watoto ndani ya mtumbwi, akiwasimulia za sungura na fisi ili wasilie kwa sauti, hakusoma Apuleius. Alifanya kazi ile ile.

Wanawake wa Paris

Hadithi hizi zilipata jina lao Ulaya mwishoni mwa karne ya 17. Mwaka 1697 Madame d'Aulnoy alitoa kitabu huko Paris na kukiita Les Contes des fées, yaani hadithi za fei, wale wanawake wenye nguvu za ajabu. Mwaka huohuo Charles Perrault naye alitoa kitabu chake chenye Cendrillon, yule binti wa majivu. Tunamkumbuka sana Perrault, lakini wengi wa waliokuwa wakiandika hadithi za namna hiyo wakati ule walikuwa wanawake, na walikuwa na sababu. D'Aulnoy aliozwa akiwa msichana mdogo kwa baroni aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Mwaka 1740 mjane aitwaye Gabrielle-Suzanne de Villeneuve aliandika La Belle et la Bête, hadithi ya Mrembo na Mnyama. Mume wake alikuwa amekula mali ya nyumba, akafa, akamwacha aishi kwa kalamu. Mwaka 1756 Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, mwalimu Mfaransa aliyekuwa akifundisha watoto wa matajiri huko London, aliifupisha hadithi hiyo kwa ajili ya wanafunzi wake wasichana. Ufupisho huo ndio uliozunguka dunia nzima.

Ndani yake kuna jambo dogo ambalo filamu nyingi hulipita. Kila usiku wakati wa chakula Mnyama anamuuliza Mrembo kama atakubali kuwa mke wake. Kila usiku Mrembo anajibu hapana. Mnyama anasikitika, anaaga, anaondoka. Kesho chakula kipo tena mezani, swali lipo tena, na hapana ipo tena. Fikiria maana yake mwaka 1756, wakati Ufaransa msichana hakuweza kuolewa bila ruhusa ya wazazi, na mara nyingi wazazi walimalizana wenyewe. Kusikilizwa hapana yako, tena ukiwa ndani ya nyumba ya mwenye nguvu, ni kutambuliwa kuwa mtu.

Katika kitabu kirefu cha Villeneuve, mwishoni inajulikana pia kwamba Mrembo si mtoto wa mfanyabiashara. Alifichwa tangu utoto kwa ajili ya usalama wake. Baba yake ni mfalme na mama yake ni fei. Beaumont alikata sehemu hiyo yote. Tangu mwanzo, basi, kila anayesimulia upya anaamua ni kutambuliwa gani kubaki na kupi kutupwa.

Wakimbizi wa Kassel

Sasa nakuja kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo nadhani kila mtu wa kambi angepaswa kuijua.

Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alifuta sheria iliyowaruhusu Waprotestanti, walioitwa Wahuguenoti, kuabudu. Makanisa yao yalibomolewa. Walikatazwa hata kuondoka nchini, na mwanaume aliyekamatwa akitoroka aliweza kupelekwa kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme. Hata hivyo watu wapatao 200,000 kwa makadirio walikimbia. Walipofika Uingereza waliitwa kwa neno la Kifaransa, réfugié, na Waingereza wakaligeuza kuwa "refugee". Neno lile linaloandikwa kwenye karatasi zetu lilianza kuingia kwenye Kiingereza pamoja na watu hao.

Maelfu wengine walikwenda Ujerumani. Mtawala wa Hesse-Kassel, Karl, aliwafungulia mlango mwaka huohuo wa 1685 na kuwapa ardhi ya kulima na kujenga. Walikaa, wakazaa, wakajukuu. Miaka zaidi ya 100 baadaye, katika mji wa Kassel, ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walianza kukusanya hadithi za Wajerumani. Kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1812, cha pili mwaka 1815. Wakati wakikusanya, Kassel ilikuwa chini ya Wafaransa, mfalme wake akiwa Jérôme, ndugu wa Napoleon. Akina Grimm walitaka kuonyesha kwamba Wajerumani wana chao.

Na ni nani waliowasimulia? Baadhi ya hadithi zinazojulikana zaidi zilitoka kwa mabinti wa familia ya Hassenpflug, ambao upande wa mama walikuwa uzao wa Wahuguenoti na nyumbani walizungumza Kifaransa. Mwingine alikuwa Dorothea Viehmann, mke wa fundi cherehani, aliyezaliwa mwaka 1755 kwenye nyumba ya wageni ya baba yake kando ya barabara. Alikuja mjini kuuza mboga za shamba lake, na akiwa hapo anasimulia. Aliwapa hadithi karibu 40. Akina Grimm walimsifu kwamba alisimulia polepole, na akirudia habadilishi neno. Walimtangaza kuwa mkulima halisi wa Hesse, na picha yake ikawekwa kwenye kitabu. Jina lake la ukoo kabla ya kuolewa lilikuwa Pierson. Mababu wa baba yake walikuwa Wahuguenoti waliokimbia.

Mwaka 1819, katika toleo la pili, akina Grimm waliiondoa hadithi ya Paka Mwenye Viatu kwa sababu ilifanana mno na ile ya Perrault. Paka alirudishwa kwao kama mtu asiye na kibali. Lakini mama Viehmann alibaki na picha yake mbele, akiitwa Mjerumani safi. Hadithi zake zilikubaliwa, na habari ya ukoo wake uliokimbia ikaachwa nje.

Mchunga bata

Moja ya hadithi alizotoa mama Viehmann inaitwa Mchunga Bata Bukini. Nawasimulia kwa ufupi kwa sababu haionyeshwi sana kwenye vibanda.

Malkia mjane anamtuma binti yake nchi ya mbali kuolewa. Anampa mali, mtumishi wa kike wa kumsindikiza, na farasi anayejua kusema. Zaidi ya yote anampa kitambaa cheupe chenye matone matatu ya damu yake, kimlinde njiani. Njiani binti anasikia kiu, mtumishi anakataa kumtekea maji. Binti anapiga magoti mtoni kunywa, na kitambaa kinaanguka, maji yanakichukua. Mtumishi anaona. Sasa anajua huyu hana tena kinga. Anamvua nguo, anachukua farasi, na anamlazimisha kuapa chini ya mbingu kwamba hatamwambia binadamu yeyote. La sivyo atakufa palepale.

Wanafika. Mtumishi anapandishwa ghorofani kama bibi harusi. Binti mwenyewe anaachwa uani, kisha anapewa kazi ya kumsaidia kijana mmoja kuchunga bata bukini. Farasi anachinjwa ili asiseme.

Nikiwasimulia wanafunzi wangu, hapa huwa wananyamaza. Wapo watoto darasani ambao vyeti vya kuzaliwa vya wazazi wao vilibaki kwenye nyumba iliyochomwa. Wapo ambao jina lao liliandikwa vibaya siku ya kwanza na mpaka leo halijarudi sawa. Kitambaa kuchukuliwa na maji, hawahitaji kuelezwa ni nini.

Anayeutafuta ukweli katika hadithi hii ni mfalme mzee, baba wa bwana harusi. Kijana mchungaji anamletea malalamiko kwamba yule msichana mgeni ana mambo ya ajabu asubuhi. Mfalme hampuuzi. Anaamka, anakwenda kuangalia mwenyewe, halafu anamwita binti na kumuuliza. Binti anasema hawezi kusema, ameapa. Mfalme hamlazimishi, wala hamwambii kwamba bila maelezo faili linafungwa. Anamwambia: basi, liambie jiko hili la chuma. Anaondoka. Binti anaingia kwenye jiko, analia, anasema yote, na mfalme anasikiliza nje kupitia bomba la moshi.

Na mwana wa mfalme je? Kwa muda wote huo alikuwa na mwanamke asiye wake na hakutambua kitu.

Kiatu na kisigino

Hilo la mwana wa mfalme kutotambua si la hadithi hiyo peke yake. Chukua ile ya binti na kiatu. Ni ya zamani sana: nchini China iliandikwa katika karne ya 9 na Duan Chengshi, binti akiitwa Ye Xian, na aliyemsaidia si fei bali mifupa ya samaki. Mwaka 1893 Mwingereza Marian Roalfe Cox alitoa kitabu chenye sura 345 za hadithi hiyo na zinazofanana nayo.

Katika masimulizi ya akina Grimm, mama anampa binti yake wa kwanza kisu akate kidole cha mguu ili kiatu kiingie. Mwana wa mfalme anampandisha farasi na kuondoka naye. Njiwa ndio wanaomwambia atazame damu. Anarudi. Binti wa pili anakata kisigino, na bwana anampandisha tena. Njiwa tena. Mara mbili amedanganyika, na alishacheza naye dansi usiku tatu! Kwa Perrault ni tofauti kidogo: anayezunguka na kiatu ni mtumishi wa mfalme, na Cendrillon mwenyewe ndiye anayesema, huku akicheka, kwamba naye ajaribiwe. Dada zake wanamcheka. Yeye anakaa chini, ananyoosha mguu.

Zamani niliwacheka wale mabinti waliojikata. Siku hizi siwezi. Kiatu ni kimoja na kipimo chake kilishawekwa na wengine. Aliyewahi kukaa mbele ya dawati akijiuliza ni kipande gani cha maisha yake akiseme na kipi akifiche ili aingie kwenye kipimo, huyo anajua kisu kile kinavyouma. Sisemi kukata ni vizuri. Nasema damu ile inatuambia kitu kuhusu kiatu, si kuhusu miguu tu.

Paa wa Unguja

Wanaosema haya yote ni ya Wazungu, nawakumbusha kilicho chetu. Kiswahili chetu cha Kongo kilivuka ziwa katika karne ya 19 na misafara iliyotoka pwani ikapita Ujiji, mji uleule wa mkoa huu wa Kigoma ambao wengi wetu tumeukuta tukivuka kinyume. Pwani kulikuwa na hadithi tele. Mmisionari Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.

Mojawapo ni kisa cha Sultani Darai. Maskini anayechakura jaani akitafuta punje za mtama anaokota kisarafu, anamnunua paa. Paa huyo anajua kusema. Anafanya kama yule paka aliyefukuzwa na akina Grimm: anampelekea sultani zawadi, anamtafutia bwana wake nguo, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpa bwana wake jumba la nyoka, anamwoza binti wa sultani. Kwa Perrault paka anamaliza akiwa bwana mkubwa, harusi imekwisha, kila mtu ameridhika.

Kwa mtu wa Unguja harusi haikuwa mwisho. Paa anaugua. Yule bwana, ambaye sasa ni tajiri, anaambiwa mgonjwa anamhitaji. Anajibu apewe uji wa mtama, chakula cha jaani. Hataki kumwona. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Mke na baba mkwe wanamlilia. Na yule bwana anaamka siku moja yuko palepale jaani, anachakura, kama zamani. Aliyepandishwa akakataa kumtambua aliyempandisha, kila kitu kilirudi vumbi.

Kila nikisoma hadithi hiyo nawakumbuka watu waliofika ng'ambo na simu zao zikabadilika namba. Lakini tuyaache hayo.

Alichotiwa mwana wa mfalme

Sasa tunaweza kuona hadithi za mapenzi za siku hizi zimebadilisha nini. Katika katuni ya Disney ya mwaka 1950 binti na mwana wa mfalme wanapendana kwa kuonana tu. Mwaka 1990 ikatoka filamu ya Pretty Woman, na tajiri anaona dhahabu ndani ya mwanamke wa barabarani ambayo mji mzima haukuiona. Tamthilia zetu za jioni ni hivyohivyo. Mwanaume amepewa jicho. Kazi iliyofanywa na njiwa, na sisimizi, na mfalme mzee kwenye bomba la moshi, na binti mwenyewe aliyenyoosha mguu, sasa yote inafanywa na mwanaume mmoja kwa kutazama tu.

Hilo ndilo badiliko kubwa, na si jambo dogo hapa kwetu. Mwaka jana, katika kikao cha kijiji, mzee mmoja alisimama akasema vibanda vifungwe usiku, kwa sababu tamthilia zinaharibu mabinti: leo anaangalia mapenzi, kesho ana mimba, keshokutwa ameacha shule. Mama mmoja akainuka akamjibu kwa adabu: "Mzee, heshima yako. Mutoto yangu hakuharibiwa na tele. Kijana ndiye alimuambia atamutia ku kesi yake ya kwenda Amerika." Watu wakanyamaza. Kikao kikaisha bila uamuzi.

Nimelifikiria sana jibu la yule mama. Kijana hakumwambia binti kwamba ni mzuri. Alimwambia jina lako litaandikwa. Kwa binti aliyezaliwa kambini, asiyeruhusiwa kutoka bila kibali, hilo ni tamu kuliko ua na wimbo. Wakati huohuo tamthilia inamfundisha kwamba anayeandika majina ni mwanaume, na kwamba akikutazama vizuri atakujua. Ndiyo maana kufunga vibanda hakutoshi. Ukiondoa picha, njaa ya kutambuliwa inabaki palepale, na yule kijana pia yupo.

Hadithi za zamani, zikisimuliwa nzima, zinamwambia binti kitu kingine. Wana wa wafalme si hodari wa kutambua. Mmoja alipandisha farasi wanawake wawili wasio wake kwa siku moja. Mwingine alikaa na mwizi wa nguo. Hapana ya Mrembo iliheshimiwa usiku baada ya usiku kabla ya neno lolote la ndiyo, na aliyetambua mwishoni alikuwa yeye, si Mnyama. Na kila binti aliyefika alikuwa na wenzake wa kumsaidia, hata kama ni wadudu wa nafaka.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili, na hayahitaji bajeti. Kwanza, watafsiri wetu wa vibanda, wale wanaosema juu ya picha kama walivyofanya akina Lufufu huko Dar es Salaam, tayari wanaongeza maneno yao kwenye kila filamu. Waongeze na haya. Mwanaume akimtambua binti kwa kumtazama tu, mtafsiri acheke kidogo, aulize benchi: "Kweli? Na wa zamani je, alipandisha wangapi?" Tumejaribu mara mbili kwenye kibanda cha karibu na shule. Mabinti walibishana mpaka saa ya kufunga, na mmoja alisema yeye angemuuliza huyo kijana aonyeshe kwanza karatasi ya kesi, ndipo waongee mapenzi.

Pili ni kwenu, ndugu zetu wa mashirika, ambao mnasoma jarida hili na tunawashukuru kwa kulisoma. Mnakuja na mafunzo ya ndoa za mapema, na ni mazuri. Lakini binti mwenye siri hawezi kuisema mbele ya watu 40 na karatasi ya mahudhurio. Mfalme mzee hakuwa na mafunzo. Alimwonyesha jiko, akatoka nje, akasikiliza. Mkipata chumba chenye mlango unaofungwa, na mtu mmoja asiye na haraka, mtasikia mengi. Na mkisikia, andikeni jina lake sawasawa.